Mguu wa Klachi

Siku Kalipa alipotangaza kwamba anataka kujifunza kuendesha gari, mumewe Saparbek alicheka mpaka akaweka bakuli la chai chini. Nilikuwepo. Mimi na Kalipa tulikuwa tukishona katika karakana moja ya nguo pale Bishkek, mashine yake na yangu bega kwa bega, na Jumapili ile alikuwa amenialika kula manti, vile vidonge vya unga vya kupika kwa mvuke, vilivyojazwa malenge. Saparbek alikuwa mtu wa utani, mwenye sauti kubwa, na alipocheka meza nzima ilicheka naye, hata asiyejua kinachochekwa.

"Unataka kwenda wapi, Mama Ular?" akamuuliza. "Si useme nikupeleke."

"Nataka kwenda kule ambako hutaki kunipeleka."

"Wapi huko?"

"Kwa mama yangu."

Tukacheka tena. Mama yake Kalipa aliishi Kochkor, na kila Saparbek alipoombwa kwenda huko gari lake lilipatwa na ugonjwa, mara breki, mara rejeta. Gari hilohilo kila kiangazi lilipanda mlima hadi malishoni kwa ndugu zake mwenyewe bila hata kukohoa.

Lilikuwa gari la kijani, refu, la kupandia milima, lenye gia ngumu na klachi nzito kama mlango wa ghala. Wanaume wa ukoo wake walisifiana kwa farasi. Saparbek alijisifu kwa gari hilo. Alilifungua injini mwenyewe, alililaza chini ya turubai wakati wa theluji, na hakumpa mtu usukani, hata mwanawe Ular kabla hajaenda Urusi kufanya kazi.

Kule karakanani habari ya Kalipa iliwagawa wanawake. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na gari lake alimwambia waziwazi achukue mafunzo ya otomatiki.

"Foleni za mji huu unazijua, dada. Na klachi utakanyaga mpaka goti liwake moto. Mimi naweka gia ya kwenda, basi, nakula zangu mbegu za alizeti."

"Na siku ukikuta gari la gia tu?"

"Nitatafuta mwanaume."

"Na mwanaume asipokuwepo?"

"Basi sitakuwa na haraka ya kwenda popote."

Wakacheka. Kalipa hakuchukua ushauri huo. Alisema anayejua gari la gia anaendesha yote mawili, na anayejua otomatiki amejua moja, na kama ni kuhangaika, ni bora ahangaike mara moja tu. Akajiandikisha darasa la gia. Mwalimu wake alikuwa Turat, mzee aliyewahi kuendesha malori, mtu wa maneno machache. Baada ya somo la pili Turat alimwambia ana mguu mtulivu, kwamba wanafunzi wengi hupigana na klachi ilhali yeye anaisikiliza. Kesho yake Kalipa alinieleza hilo huku uso unang'aa kama msichana aliyesifiwa nywele zake. Siku ile nzima, kila nilipotupa jicho chini ya mashine, niliuona mguu wake wa kushoto ukikanyaga hewa na kuachia polepole.

Somo la tatu alifika akamkuta Turat amesimama kando ya gari jingine, jeupe, na hamtazami usoni.

"Dada, leo tunapanda hili."

"Hili ni la otomatiki."

"Ndiyo."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu. Mzee wako alikuja jana, akazungumza na ofisi. Wamebadilisha."

Kalipa hakugombana na Turat. Alipanda gari jeupe, akaendesha saa yake, akarudi nyumbani, akaanza kukanda unga. Saparbek alipoingia alimuuliza, mikono ikiwa bado ndani ya unga.

"Nimekuhurumia," Saparbek akasema. "Wewe safari zako ni sokoni na kurudi. Klachi ya nini? Umesahau goti lako lilivyovimba?"

"Lilivimba kwa sababu niliteleza kwenye barafu."

"Goti ni goti."

Na alichosema hakikuwa upuuzi mtupu, hilo ndilo lililomziba Kalipa mdomo. Nusu ya mji ilishahamia otomatiki, hata wanaume wenye vitambi vyao. Ukiwa kwenye foleni ya asubuhi, gari linasogea hatua na kusimama hatua, mwenye klachi anatoka jasho na mwenye otomatiki anapiga simu. Saparbek alikuwa na sababu nzuri, na sababu nzuri ni kitu kigumu kubishana nacho hasa pale unapojua kwamba siyo iliyomtuma.

Iliyomtuma tuliisikia baadaye, siku alipomletea gari dogo la fedha, otomatiki, kuukuu kidogo lakini safi, akaalika watu. Kila mtu alimsifu kwa zawadi ile. Rafiki yake mmoja akamtania kwamba sasa mke ana leseni, afiche funguo za lile la kijani.

"Nifiche za nini?" Saparbek akajibu. "Naziacha hapo mezani mchana kutwa. Lile linajilinda lenyewe. Lina klachi."

Wanaume wakapigapiga meza. Kalipa alikuwa akigawa mikate. Aliendelea kugawa.

Sitasema uongo, alilipenda gari lake dogo. Alikwenda nalo sokoni, alitupitia sisi wa karakana wakati wa baridi, na alikwenda Kochkor kwa mama yake mara nyingi kuliko Saparbek alivyopenda. Aliendesha kwa utulivu, bila kupiga honi ovyo. Mara moja tu aliomba tena afundishwe lile la kijani, huko nje ya mji ambako hakuna watu. Saparbek alimwambia asubiri barabara ikauke. Barabara ikakauka, ikanyeshewa, ikakauka tena, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Kiangazi kilichofuata walikwenda malishoni kwa binamu yake Saparbek, upande wa Suusamyr. Walipanda lile la kijani, maana njia ya kule ni mawe na vijito, na lile dogo lingeacha tumbo lake njiani. Wakala nyama, wakanywa maziwa ya farasi yaliyochachuka, wakalala katika hema la manyoya. Asubuhi wakaaga. Haya yote alinisimulia Kalipa mwenyewe, si mara moja, na kila mara kwa mpangilio uleule, kama mtu anayepekua mfuko akitafuta kitu ambacho anajua hakimo.

Walikuwa wamekwisha kuiacha kambi nyuma kabisa, na lami bado iko mbali, Saparbek alipotaka kubadilisha gia ili wavuke kijito. Gari likaruka mbele, likatikisika, likazima.

"Umelewa maziwa?" Kalipa akamtania.

"Mguu," Saparbek akasema. "Mguu wa klachi haunisikii."

Kalipa akadhani ni utani. Akageuka, akaona upande mmoja wa mdomo wa mumewe umeshuka, na mkono wa kushoto umening'inia bila nguvu. Alimwita. Saparbek alijibu kwa sauti ambayo haikuwa na maneno ndani yake. Kalipa akatoa simu. Hapakuwa na mtandao. Akashuka, akatazama mbele na nyuma. Hapakuwa na mtu, ila kondoo mbali sana juu ya kilima.

Saparbek alikuwa mwanaume mzito. Kalipa alizunguka upande wa abiria, akamshika kwapani, akamvuta juu ya mkono wa gia huku yeye akijisukuma kwa mguu mzima, wote wawili wakihema. Alimfunga mkanda ili asianguke. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia tangu aolewe.

Aliyakumbuka maneno ya Turat. Klachi chini mpaka mwisho. Gia ya kwanza. Achia polepole mpaka usikie gari linataka kwenda. Lakini klachi ya gari la shule ilikuwa laini, na hii ilimsukuma mguu wake juu kama inamkataa. Gari likazima. Akawasha, likazima. Akawasha tena, na safari hii likaenda. Likaingia kijitoni, likatoka upande wa pili linavuja maji, likaenda.

"Lilikwenda, Damira," aliniambia. Hapo ndipo sauti yake ilipokatika kila mara. "Nililiendesha. Kwenye ile ya kwanza tu, injini inalia kama mnyama, lakini lilikwenda."

Gia ya pili alikuwa ameifanya mara chache tu shuleni. Aliogopa kwamba akijaribu litazima lisiwake tena, kwa hiyo aliliacha lilie. Kando yake Saparbek alikuwa akitoa sauti, na katika sauti zile Kalipa alisikia kitu kama "gia", au alidhani amesikia. Wakafika kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya barabara kubwa, mwinuko ambao Saparbek aliupanda kila mwaka akiwa anapiga mluzi. Katikati yake kulikuwa na jiwe. Kalipa akapunguza mafuta ili alikwepe, gari likazima, likaanza kurudi nyuma.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Breki ya mkono aliivuta ikaja yote mkononi, legevu; Saparbek hakuwahi kuihitaji. Alipojaribu kuwasha na kuachia klachi, gari liliteleza tena, gurudumu la nyuma likatumbukia mtaroni, na hapo likakaa, limeinama, pua ikiitazama mbingu.

Alimlaza mumewe kwenye majani, akamfunika koti, akapanda mwinuko kwa miguu hadi barabara kubwa. Malori yalipita bila kusimama. Alirudi chini kumtazama, akapanda tena. Lori la majani makavu lilisimama wakati jua limeshaanza kuelemea milimani. Hospitalini daktari aliwatazama jamaa waliokusanyika ukumbini, akawaambia kwamba ataishi, ila upande wa kushoto hauwezi kuahidiwa. Kisha akaongeza, kama madaktari wanavyoongeza huku wanaondoka, kwamba angefikishwa mapema kidogo pengine mguu ungepona.

Aliyeyashika maneno hayo ni Batma, dada mkubwa wa Saparbek. Mama yao alikufa wangali wadogo, na Batma ndiye aliyemlea ndugu yake, akamwogesha na kumpeleka shule. Nayasema haya ili isionekane kwamba alikuwa mwanamke mwovu. Alikuwa na uchungu, na uchungu wake ulihitaji mtu wa kumwangukia.

Saparbek aliporudi nyumbani, watu walikuja kumwona. Alichinjwa kondoo. Yeye aliketishwa mahali pa heshima, mkabala na mlango, mito imepangwa pande zote. Kufikia siku hiyo ulimi wake ulikuwa umerudi. Maneno yalitoka yakiburura, lakini ukiyasikiliza unayaelewa. Kalipa alikaa karibu na samovari, birika kubwa lenye bomba, akimwagia wageni chai kama ilivyo kazi ya mke wa nyumba. Nilikuwa nikimsaidia kupitisha mabakuli.

Batma hakusubiri hata nyama iletwe.

"Nataka niseme, kisha nitanyamaza," alisema, na sote tukajua hatanyamaza. "Gari lilikuwa zima. Mafuta yalikuwemo. Leseni wifi yangu anayo, tuliiona, tulikuja hapahapa tukampongeza. Ndugu yangu anakufa kwenye kiti cha abiria, na yeye anatembeatembea barabarani kutafuta watu."

"Batma, mwenzio alijaribu," mzee mmoja akasema.

"Alijaribu nini? Alilitupa gari mtaroni. Hata mbuzi angeweza kulitupa mtaroni."

Hakuna aliyecheka. Kalipa alifunga bomba la samovari. Kwa desturi yetu mke hamtaji kwa jina dada mkubwa wa mumewe, wala hamjibu mbele ya watu, na kwa miaka yote ya ndoa yake Kalipa hakuwahi kuvunja hata moja kati ya hayo mawili.

"Dada mkubwa," alisema, "leseni yangu ni ya otomatiki. La gia nilifundishwa siku mbili tu. Nani alinitoa huko, Baba Ular anajua. Yupo hapa. Masikio yake mazima, na ulimi asubuhi ya leo umenikemea kwa sababu ya chumvi. Baba Ular, waambie."

Nyumba nzima ikamgeukia Saparbek. Nilikuwa karibu naye, niliuona uso wake. Alikuwa ameelewa. Macho yake yalikwenda kwa Batma, yakaenda kwa wazee, yakaenda kwa rafiki yake yule aliyepiga meza siku ya zile funguo, ambaye sasa alikuwa anachunguza kipande cha mkate. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia, akalisukuma bakuli lake mbele.

"Chai imepoa," akasema.

Yalitoka wazi, maneno hayo mawili. Tangu alipotoka hospitali sikuwa nimemsikia akisema kitu wazi namna ile.

Kalipa alilipokea bakuli, akaimwaga ile iliyopoa, akamwagia nyingine. Kwetu mtu unayempenda humwagiwa chai nusu bakuli, ili arudie, aendelee kukaa. Kalipa alilijaza mpaka ukingoni, kama anavyojaziwa mgeni ambaye mwenye nyumba anataka aondoke, akampelekea kwa mikono miwili bila kudondosha hata tone. Watu waliona. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya majani ya ng'ombe.

Baada ya hapo ikaja habari ya magari. Matibabu yalitaka pesa, na Ular alipiga simu kutoka Urusi akasema uani yapo mawili na ndani yupo dereva mmoja, wauze moja. Batma akaja kusimamia. Kalipa alieleza hoja yake kwa utaratibu, kama anavyopanga vipande vya kitambaa kabla ya kushona.

"Daktari wa mazoezi anasema mguu huu hautarudi kama zamani. La kijani linautaka mguu huu, na lile dogo halina haja nao. Ukipata nafuu, Baba Ular, lile dogo ndilo pekee utakaloweza kuendesha. Na mpaka hapo, ndilo ninaloruhusiwa kukupelekea mazoezi."

"La kijani haliuzwi," Saparbek akasema.

"Utaliendesha na nini?"

"Nitapona. Lile dogo ni la kike."

"Umesikia mwenyewe," Batma akasema.

"Dada mkubwa, na mazoezini nani atampeleka? Mimi la gia sina leseni yake."

"Si utajifunza, wifi." Batma alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayetoa ruhusa. "Siku hizi wanawake wanajifunza."

Kalipa aliniambia kwamba hapo alicheka. Alicheka peke yake, kwa muda, mpaka Batma akamuuliza kama ana homa.

Lile dogo likauzwa. Alilinunua mwalimu mmoja kijana, akaja na mama yake, wakalizunguka wakilisifu. Kalipa alitoa ndani yake mto wake wa kukalia na leso ya mama yake, akawakabidhi funguo, akawaeleza kwamba asubuhi za baridi waliache lipate moto kwanza. Tangu siku hiyo hajafika Kochkor.

Alirudi kwa Turat. Mzee yule alimtambua tangu getini.

"Siku ile ningeweza kukataa," Turat alimwambia walipokwisha kaa garini.

"Ungefukuzwa."

"Labda."

"Basi tuliache hilo. Nifundishe kupanda mlima bila kurudi nyuma."

Alijifunza haraka, maana mguu ule bado ulikuwa mtulivu. Alifundishwa kulishika gari kwenye mwinuko, kwa breki ya mkono na klachi, mpaka linasimama kama limegandishwa, halafu linaondoka bila kutikisika. Mara ya kwanza alipoliweza hilo, Turat alisema vizuri sana. Kalipa alizima injini, akaomba ashuke kidogo. Alisimama kando ya barabara ameupa mgongo ule mwinuko. Lilikuwa jambo dogo mno. Lilimchukua asubuhi moja kulijua.

Sasa kila wiki anampeleka Saparbek mazoezini, katikati ya mji, kwa lile la kijani lenye klachi nzito, kwenye foleni zilezile ambazo mumewe alisema zitamtesa. Zinamtesa. Jioni anakaa kwenye mashine amefunga goti kwa kitambaa cha sufu. Nimewahi kupanda nao, nyuma, na nilisikia yanayosemwa.

"Tatu," Saparbek anasema.

"Tuko kwenye foleni, Baba Ular."

"Injini inalia. Tatu."

Kalipa habadilishi.

"Unaichoma klachi yangu."

"Klachi ni yako. Mguu ni wangu."

Kwenye taa zinazofuata Saparbek anaanza tena. Hajawahi kumshukuru, na lile la siku ya wageni hajawahi kulitaja. Niliwahi kumuuliza Kalipa kama anadhani mumewe amelisahau, kwa ugonjwa. Akasema mtu anayekumbuka ni boliti gani ilibadilishwa mwaka gani hajasahau kitu.

Majira ya baridi yaliyopita nilimpelekea Kalipa vipande vya kushona nyumbani. Alikuwa anapiga pasi karibu na dirisha. Theluji ilikuwa ikianguka taratibu. Tukamwona Saparbek akitoka na fimbo yake, akavuka ua, akaivuta turubai ya gari kwa mkono mmoja mpaka ikaanguka. Akafungua mlango wa dereva. Ilimchukua muda kuingia. Kupitia kioo tulimwona akiushika mguu wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, chini ya goti, kama mtu anavyonyanyua gogo, akauweka juu ya klachi. Mguu ukateleza. Akaunyanyua tena, ukateleza. Akajaribu kusukuma kwa fimbo, nayo ikateleza. Mwisho akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo, theluji ikaanza kukifunika kioo.

"Mwendee, dada," nikasema.

"Akiniita nitakwenda."

"Hataita."

"Najua."

Aligeuza shati, akapiga pasi mkono wa pili, kola, mgongo. Nilitaka kutoka mimi mwenyewe, lakini nilimtazama Kalipa usoni nikabaki nilipo. Baadaye mlango wa gari ukafunguliwa. Saparbek akarudi kwa hatua zake za kuburura, mabega meupe kwa theluji, akaketi mezani, akaulizia chakula. Kalipa akampakulia.

Batma amebadilika. Siku hizi ndiye anayempigia simu Kalipa ampeleke kwenye misiba na harusi, na huko huwaambia watu kwamba wifi yake anaendesha gari la gia kama mwanaume, kwenye mlima wowote, na kwamba ni ukoo wao uliomfundisha. Kalipa humpeleka. Hufunga mlango wa Batma vizuri, husubiri nje mpaka shughuli iishe, na humrudisha.

Wiki iliyopita, nikiwa nyumbani kwake, nilimwambia Kalipa kile ambacho kila mtu karakanani anakisema: auze lile la kijani, anunue la otomatiki, goti lipumzike. Saparbek hawezi tena kumzuia. Hati za gari ziko kwa Kalipa.

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alimaliza kwanza.

"Nikiliuza, atasema nimemnyang'anya miguu. Atapata cha kuwasimulia watu mpaka afe. Hapana, Damira. Likae palepale uani alitazame."

"Na goti lako?"

"Goti ni goti," akasema.

Saa ya kwenda mazoezini ilipofika nilimsindikiza hadi uani. Saparbek alikuwa amekaa garini, amekwisha funga mkanda, amewahi kama kawaida yake. Kalipa aliingia, akarekebisha kioo, akakanyaga klachi mpaka mwisho, akawasha. Kabla hawajafika hata getini, nilimsikia mumewe kupitia dirisha lililo wazi.

"Pili," alisema. "Tia pili."